KISIMA NA TIMBO LA MAWE
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Kisumu)



Sikuja kumshitaki mtu. Nimekuja kusema juu ya jambo lililo mlangoni petu, yaani maji ya kisima, na mawe yavunjwayo karibu nacho.

Mji wetu wa Kisumu hujengwa kwa mawe na kokoto. Vilima vilivyo kaskazini ya mji, tangu Riat hata upande wa Kisian, ni vya mwamba mgumu, na vijana wetu wengi hupata riziki yao kwa nyundo na mtaimbo. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba nataka matimbo yafungwe. Lakini watu wetu wengi hunywa, hupika na kufua kwa maji ya visima vifupi vilivyochimbwa kwa mikono. Hao nao yapasa wafikiriwe.

Wengi hudhani kwamba maji ya chini ni mto upitao gizani. Sivyo yalivyo mara nyingi. Mvua hupenya udongo, ikashuka katika nyufa za mwamba, na maji yakakaa humo kama yakaavyo katika sifongo. Kisima ni shimo lililofika chini ya uso wa maji hayo. Timbo nalo ni shimo, ila ni kubwa zaidi. Likikoma juu ya uso wa maji, huenda visima visipungukiwe sana. Lakini likishuka chini yake, maji ya pande zote huelekea humo, na mwenye timbo hana budi kuweka pampu ili wavunja mawe wafanye kazi pakavu. Pampu ikivuta usiku na mchana, uso wa maji hushuka, zaidi karibu na timbo, na kidogo kidogo kadiri uendavyo mbali. Kisima kifupi ndicho hukauka kwanza, na kisima kifupi ndicho cha mtu maskini.

Madhara ya pili ni uchafu. Udongo ni chujio tulilopewa na Mungu, na timbo huliondoa. Mafuta ya mitambo na mabaki ya baruti huweza kuingia moja kwa moja katika nyufa. Baruti nyingi zina naitreti, nayo huyeyuka upesi katika maji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita moja, hasa kwa ajili ya watoto wachanga.

Sasa nafika penye ugumu wenyewe. Tuseme kisima cha mama mmoja kimekauka mwezi wa Februari. Aende kwa mwenye timbo, naye atajibiwa: “Mama, hiki ni kiangazi.” Huenda ni kweli. Akisema maji yana naitreti, ataulizwa choo chake kiko hatua ngapi kutoka kisimani. Hilo nalo ni swali la haki, maana katika mitaa kama Manyatta na Nyalenda vyoo vya shimo na visima vimekaribiana mno. Hata ziwa lenyewe, lilipopanda mwaka 1964 na tena mwaka 2020, lililowesha nchi ya ufukoni. Sababu ni nyingi, na mama yule hana ushahidi ila kinywa chake. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo naleta shauri moja tu. Kila kijiji kilicho karibu na timbo, au kilichosikia kwamba timbo litafunguliwa, kiwe na kamba yenye alama na daftari. Mara moja kila mwezi, alfajiri kabla watu hawajateka, upimwe urefu kutoka mdomo wa kisima hata uso wa maji, ukaandikwe pamoja na tarehe na habari za mvua. Kipimwe pia kisima kilicho mbali na timbo. Visima vyote vikishuka pamoja, tutajua ni ukame. Vikishuka vya karibu peke yake, kisha vikapanda pampu inaposimama, hapo tuna neno la kusema. Nayo kazi hii ianze mwaka mzima kabla ya jiwe la kwanza kuvunjwa, ili masika na kiangazi vyote viwe vimeandikwa.

Sheria haikutuacha. Kwa Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999, machimbo ya mawe hutakiwa kuchunguzwa madhara yake kabla ya kuanza, na wananchi wana nafasi ya kutoa maoni. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 43, yampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha. Na ibara ya 70 yamruhusu kwenda mahakamani kutetea mazingira hata kabla hajapata hasara. Lakini hakimu hutaka ushahidi.

Wala si lazima timbo liwe laana. Huko Bamburi, Mombasa, ambako mawe ya saruji yalichimbwa tangu mwaka 1954 hata karibu na maji ya chini, Bwana René Haller alianza mwaka 1971 kupanda mivinje katika jangwa lile la mawe, na leo ni msitu.

Wazee wetu, mwaka 1921 vijana wa Nyanza walikutana Lundha kudai haki zao, na chama kilichotokana nao kikafundisha pia usafi na nyumba bora. Walijua kwamba haki na usafi ni ndugu. Nasi tuutunze urithi huo. Kamba ni ya shilingi chache, na daftari vivyo hivyo. Kisima kikisha kukauka, daftari lililoanzwa siku hiyo halitasaidia kitu.