Moyo Ukiumia, Utafute Mshauri Anayekufaa
(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

 

Pampu ya kisima ikiharibika, tunamwita fundi. Ng'ombe akikataa kula, tunamtafuta daktari wa mifugo. Lakini mtu asipolala usiku kwa mawazo, tunamwambia, "Jikaze." Anajikaze mwezi, miezi miwili. Mwishowe haji mkutanoni, mchango unachelewa, nasi tunamtoza faini. Je, tumeuliza kama ni uvivu au ni ugonjwa? Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Leo basi tuongee juu ya kwenda kwa mshauri.

Mshauri hufanya nini?

Wengine hufikiri mshauri ni mtu wa kukuhukumu, au kukuambia umwache mume. Sivyo. Siku ya kwanza atakuuliza shida yako ni nini, ilianza lini, na unataka nini kibadilike. Si lazima useme yote siku hiyo. Tena atakueleza kwamba maneno yako ni siri, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini au mtoto akiwa anaumizwa. Asipokueleza, muulize.

Njia si moja

Njia ya kwanza ni kushika shida moja moja. Huko Zimbabwe, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianza kazi na nyanya 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Nyanya hao walifunzwa kukaa na mgonjwa kwenye benchi karibu na zahanati. Washona huita ugonjwa huo kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Mgonjwa hutaja shida zake, huchagua moja, kisha yeye na nyanya hupanga hatua ndogo ya kufanya wiki hiyo.

Njia ya pili ina vikao vitano tu, kimoja kila wiki, cha dakika 90. Ilitayarishwa na Shirika la Afya Duniani. Hapa kwetu ilijaribiwa pembezoni mwa Nairobi, kwa wanawake, wengi wao waliotendewa ukatili. Waliowasaidia hawakuwa madaktari, bali wahudumu wa afya ya jamii waliofunzwa. Mtu hujifunza kutuliza mwili kwa kupumua polepole, kutatua shida, kurudia shughuli alizoziacha, na kujenga tena uhusiano na watu wa kumtegemeza.

Njia ya tatu ni ya kikundi. Katika vijiji vya Masaka na Rakai, Uganda, wagonjwa wa huzuni kuu walikutana kila wiki kwa wiki 16, wanaume peke yao na wanawake peke yao. Waliongea juu ya msiba, ugomvi, na maisha yaliyogeuka ghafula. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2003, yalionyesha kwamba walipata nafuu kubwa kuliko wagonjwa wa vijiji ambavyo havikuwa na vikundi hivyo.

Ipi inakufaa wewe?

Ukinunua viatu vya mitumba sokoni, huvaa kwanza ukatembea hatua mbili tatu. Na hapa ni hivyo hivyo. Anayeona haya mbele za watu ataanza na mshauri peke yake. Anayeumia kwa upweke huenda akafaidika zaidi kikundini. Mwenye deni na karo anataka kupanga hatua, na mfiwa anahitaji kwanza kusikilizwa.

Kabla ya kuanza, uliza haya:
1. Umefunzwa wapi? Umesajiliwa? (Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014.)
2. Tutakutana mara ngapi, na ni pesa ngapi?
3. Tutaongea lugha gani? Uchungu husemwa vizuri kwa lugha ya mama.

Jaribu vikao vitatu au vinne. Usipoona mabadiliko, mwambie mshauri wazi wazi. Mshauri mzuri hakasiriki. Atabadilisha njia au atakuelekeza kwa mwingine. Lakini akitoa siri zako, akikutaka kimapenzi, au akikukataza dawa za hospitali, mwache mara moja na umshtaki. Maombi na ushauri havipigani. Mtu anaweza kuombewa asubuhi na kumwona mshauri jioni.

Jambo lisilongoja

Mtu akisema anataka kufa, au akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, msimwache peke yake. Mwondoleeni dawa za shamba na kamba, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Zamani jamaa waliogopa polisi, maana kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho cha sheria kinapinga Katiba. Mgonjwa huyo anahitaji matibabu.

Ninyi viongozi, msigeuke kuwa waganga. Kazi yenu ni kumtembelea aliyenyamaza, kumsikiliza bila kumkata maneno, na kumsindikiza siku ya kwanza, maana siku hiyo ndiyo ngumu. Nauli ya mtu mmoja kikundi hakishindwi.

Maswali ya kujadili kikundini
1. Nani kati yetu hajaonekana mikutano miwili? Nani atamtembelea?
2. Zahanati yetu ina mtu wa ushauri? Nani atakwenda kuuliza?
3. Tutalindaje siri ya mwenzetu?