Kupiga Gitaa Nyumbani Bila Kumwamsha Jirani

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika bwalo la shule, Shinyanga, wakati wa mkutano wetu wa mwaka.)



Kwa kawaida anayesimama hapa huzungumzia mambo mazito kama pamba, mikopo ya vyuo, au uongozi. Mimi nimeombwa na Kamati nizungumzie jambo ambalo wenzangu wa bweni tayari wanalicheka, nalo ni gitaa. Wapo hapa mashahidi kwamba gitaa tulilolipiga enzi zetu lilikuwa na nyuzi nne badala ya sita, na kwamba tulilipiga hivyo hivyo mpaka kengele ya kulala.

Baada ya Chuo Kikuu niliingia serikalini, na kama mjuavyo, mtumishi wa umma ni mtu wa barua ya uhamisho. Ya kwangu ilinipeleka Geita, ambayo wakati tukisoma hapa ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza, na tangu 2012 ni mkoa kamili. Nilipanga nyumba mtaa ambao nusu ya majirani hufanya kazi migodini. Mwenye zamu ya usiku hulala mchana, mwenye zamu ya mchana hulala usiku. Sasa niambieni, ndugu zangu, mtu mwenye gitaa la umeme na amplifaya apige saa ngapi? Nilipiga mara mbili. Mara ya tatu jirani alibisha hodi, macho mekundu kwa usingizi, akaniambia kwa adabu, "Kaka, nimetoka shimoni saa kumi na mbili." Nililifungia gitaa kabatini, likakaa humo miaka sita.

Kilicholitoa kabatini ni chombo kidogo kama kitabu cha hadithi, ambacho wapigaji hukiita modela. Vijana wengi wameniuliza kinafanyaje kazi. Gitaa la umeme peke yake halisikiki vizuri. Sauti tunayoijua hutoka kwenye amplifaya na spika yake, tena amplifaya nyingi huwa tamu zikifunguliwa kwa nguvu. Modela huchukua mtikisiko wa nyuzi, huupima mara elfu nyingi kwa sekunde, mara 48,000 katika nyingi za siku hizi, huugeuza kuwa tarakimu, na kwa hesabu huigiza kile ambacho amplifaya ingefanya. Kampuni ya Roland ilitoa VG-8 mwaka 1995, na Line 6 ikatoa POD mwaka 1998. Leo ipo hata programu ya bure ya kompyuta, Neural Amp Modeler, ifanyayo kazi hiyo.

Sasa niseme jinsi ya kukiandaa, maana hapa ndipo fedha za watu hupotea.

Jambo la kwanza ni umeme. Modela yangu ya kwanza niliiua mwenyewe jioni ile ile niliyoileta nyumbani. Nilichukua adapta ya redio ya volti 9, nikaona tundu linaingia, nikachomeka. Vyombo vingi vya gitaa hutaka hasi iwe katikati ya plagi. Ile ya redio ilikuwa na chanya katikati. Ukasikika mlio mdogo, kisha harufu. Soma mchoro ulio karibu na tundu kabla ya kuchomeka; alama mbili zile ndogo zina thamani ya mshahara. Tena kwetu Geita, na hata Kahama, mtaa wenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu una umeme unaopanda na kushuka. Nunua stabilaiza.

La pili ni njia ya kusikilizia. Tumia hedifoni za waya. Zile za bluetooth huchelewesha sauti. Utapiga uzi sasa na kuusikia baadaye kidogo, na mkono utavurugika. Modela yenyewe nayo huchelewesha, lakini kwa elfu chache tu za sekunde. Sauti husafiri hewani kama mita moja kwa kila elfu tatu za sekunde, kwa hiyo ni sawa na kusimama mita moja au mbili kutoka kwenye spika.

La tatu, ambalo huwashinda wengi: ndani ya modela mna amplifaya ya kuigiza na kasha la spika la kuigiza. Ukisikiliza kwa hedifoni au kwa sabufa ya sebuleni, kasha hilo liwashwe, la sivyo sauti itakwaruza kama nyuki ndani ya debe. Ukiunganisha na amplifaya halisi ya gitaa, lizimwe, maana hiyo tayari ina spika yake, na makasha mawili huifunika sauti kama kwa blanketi. Kwa sabufa, punguza pia sauti zilizo chini ya hezi 80 hivi. Besi ndiyo ipitayo ukutani kwenda kwa jirani.

La nne, tengeneza sauti kwa kiwango kile kile utakachopigia. Tangu 1933 Fletcher na Munson wa Marekani walionyesha kwa vipimo kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio hupoteza besi kwanza, na sauti za juu nazo hufifia. Ukiitengeneza kwa kelele mchana wa Jumapili, usiku itakuwa nyembamba, nawe utadhani chombo kimeharibika.

La tano ndilo lililonisimamisha hapa. Modela ya pili ilikuja na sauti zaidi ya mia moja tayari ndani. Miezi mitatu mizima nilizunguka humo kila jioni, nikibadilisha hii, nikiongeza mwangwi kwenye ile. Ndipo mjomba wangu akaja kutibiwa, akakaa kwangu wiki mbili. Yeye alipiga rithimu katika bendi ya mtaani Kahama miaka ya 1980. Nikamvalisha hedifoni, nikamwonyesha sauti moja baada ya nyingine, labda arobaini. Alisikiliza kwa utulivu, kisha akasema, "Vizuri, mwanangu. Sasa nipigie wimbo mmoja, mwanzo hadi mwisho."

Ndugu zangu, sikuweza. Nilikuwa na sauti mia na sina wimbo hata mmoja.

Kesho yake tulifuta karibu zote, tukabakiza tatu: safi kavu kwa rithimu, safi yenye mwangwi mfupi kwa solo, na moja yenye ukali kidogo. Kwa muziki wetu wa dansi hizo zinatosha. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki 1979, hakuwahi kuiona modela, na bado vijana wanahangaika kuyapata magitaa yake. Kisha mjomba akashika gitaa, akarekodi rithimu ya dakika mbili kwenye ile sehemu ya modela inayorekodi na kurudia, ili mimi nijifunze kupiga solo juu yake. Alikosea mara moja katikati, akacheka, akasema niiache hivyo hivyo.

Mjomba alitangulia mbele ya haki mwaka uliofuata. Ile rithimu ninayo. Nimeinakili kwenye kompyuta na kwenye flashi, kwa kuwa umeme ukikatika wakati wa kuhifadhi, kazi huweza kufutika. Jioni nyingi huivaa masikioni na kupiga naye, jirani amelala, na lile kosa lake likifika huwa nalingojea.

Vijana, msinielewe vibaya. Sikuja kuwaambia mkaombe fedha nyumbani mnunue modela. Nunueni nyuzi kwanza, jifunzeni nyimbo tatu kamili, chombo kitafuata. Lakini kwenu, wanafunzi wa zamani, nina ombi. Magitaa mawili, modela moja, kigawanyio na hedifoni nne za waya vingewezesha wanafunzi kufanya mazoezi jioni bila kuwasumbua wenzao wanaojisomea, na bila mwalimu wa zamu kuwafukuza kama tulivyofukuzwa sisi. Mimi naanza na gitaa langu la pili. Limo garini, na nyuzi zote sita zipo. Na katika likizo yangu nitakuja kukaa na watakaojiandikisha.