Karatasi ya Urafiki

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kalimoni



Tumeagizwa na Halmashauri tuseme machache juu ya mikataba ya urafiki na biashara iliyofanywa baina ya mataifa katika karne ya kumi na tisa. Pengine mtu atauliza: mambo ya masultani na marais yatuhusu nini sisi tukaao hapa Kalimoni, baina ya Thika na Ruiru, ambao haja yetu ni kusomesha watoto, kuuguza wagonjwa na kuzika wafu wetu kwa heshima? Twaomba mtusikilize kwanza, kisha mtahukumu.

Tarehe 21 Septemba 1833, mjini Maskati, Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Omani na Unguja, alifanya mkataba wa urafiki na biashara na Edmund Roberts, mjumbe wa Rais Andrew Jackson wa Marekani. Waamerika waliruhusiwa kununua na kuuza katika bandari zote za Seyyid, kulipa ushuru wa tano katika mia kwa mali waliyoipakua, na kuweka balozi wao. Tena iliandikwa kwamba jahazi la Kiamerika likivunjika katika pwani yake, mabaharia watatunzwa kwa gharama ya Seyyid mwenyewe mpaka wapate njia ya kurudi kwao, kwa kuwa yeye hawezi kupokea malipo kwa kumsaidia aliyefikwa na msiba.

Mkataba huo ulizaa matunda. Mwaka 1837 balozi wa Kiamerika, Richard Waters, alifika Unguja. Vyombo vyao vilileta nguo za pamba na kuchukua pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Nguo ile ikaitwa merikani, ikapanda bara pamoja na misafara, na jina lake wazee wetu walijua vema. Mwaka 1840 Seyyid naye alituma jahazi lake, Sultana, mpaka New York chini ya Ahmad bin Naaman. Wenyeji walilipokea kwa taadhima, wakalitengeneza bila malipo. Huo ndio urafiki: kila upande ulimjua mwenzake, na kila upande ulipata kitu.

Hata hivyo mkataba ni kamba, nayo humfunga aliyeisokota. Ule wa 1833 ulifungua bandari zote. Seyyid alipofanya mkataba na Waingereza mwaka 1839, aliweka sharti jipya: biashara ya pembe na sandarusi katika Mrima, tangu Mtangata hadi Kilwa, ibaki mkononi mwake. Twaona hapo mtu aliyeuangalia mkataba wa kwanza kabla ya kutia sahihi wa pili.

Sasa tutazame urafiki wa namna nyingine. Mwezi wa Novemba 1884, Mjerumani Carl Peters aliingia bara akiwa na karatasi za mikataba. Mangungu wa Msovero, katika nchi iliyo Tanzania leo, alitia alama yake juu ya karatasi iliyotaja urafiki wa milele. Karatasi hiyo iliandikwa kwa Kijerumani, na ndani yake ilisemwa kwamba ametoa nchi yake yote kwa shirika la Wajerumani. Mwezi wa Februari 1885 mfalme wao akaweka nchi zile chini ya ulinzi wake. Neno urafiki lilikuwa lile lile la Maskati, lakini kule Maskati kila upande ulikuwa na maandiko kwa lugha yake.

Wala si mbali na hapa kwetu. Mwezi wa Oktoba 1890, kule Dagoretti, Kapteni Lugard wa Kampuni ya Kiingereza alikula kiapo cha udugu na Waiyaki wa Hinga. Lugard akaenda zake Uganda. Watu wa Kampuni waliobaki wakagombana na wenyeji juu ya chakula na mali, na boma likaachwa. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa, akapelekwa njia ya pwani, akafa Kibwezi. Kwa Waiyaki kiapo kilikuwa udugu. Kwa Kampuni kilikuwa ruhusa ya kupita na kukaa.

Ndugu zetu, mwaka huu mama mmoja mjane wa chama hiki aliletewa karatasi na watu wenye maneno matamu. Akaambiwa ni ya kukodisha robo eka kwa miaka 5. Wino wa kidole ulikuwa tayari mezani. Bahati njema mwanawe alirudi kutoka shuleni, akaisoma, akakuta neno kuuza. Wenye karatasi wakaondoka, wala hawakurudi.

Hatuwezi kutegemea bahati kila mwaka. Kwa hiyo twaleta mbele yenu maombi matatu. Mosi, mwanachama asitie sahihi wala kidole juu ya karatasi ya ardhi au mkopo siku ile ile aliyoletewa. Pili, Halmashauri ichague watu wawili wajuao kusoma vema, wawasomee wanachama bila malipo, neno kwa neno, kwa lugha ya nyumbani. Tatu, nakala ya kila mapatano ibaki kwa mwenyewe, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Hatusemi tuwaogope wageni. Seyyid Said hakuwaogopa. Twasema tu kwamba rafiki wa kweli hachukizwi na kuulizwa, wala hakatai karatasi yake isomwe mchana mbele ya mashahidi.