Nyumbu Hana Hati ya Shamba

Juma hili nakuomba tuvuke mto Mbagathi, tuingie Kitengela, katika kaunti ya Kajiado.

Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ilitangazwa mwaka 1946, na ukubwa wake ni kilomita mraba 117 tu. Upande wa jiji imezungushiwa ua. Upande wa kusini iliachwa wazi, ili nyumbu na pundamilia waende malishoni wakati wa mvua na kurudi wakati wa kiangazi. Lakini nyanda hizo si mali ya serikali. Ranchi ya pamoja ya Wamaasai iligawanywa katika miaka ya 1980, kila mwanachama akapata hati yake.

Hapo ndipo mgogoro ulipozaliwa. Kifungu cha 40 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalinda mali ya mtu. Kifungu cha 66 kinaipa serikali uwezo wa kudhibiti matumizi ya ardhi. Uwindaji nao ulipigwa marufuku mwaka 1977. Basi mwenye shamba humlisha mnyama wa serikali, haruhusiwi kumgusa, na simba akila mbuzi wake, huambiwa ajaze fomu. Juni 2012 wenyeji walichoka, wakaua simba 6 kwa siku moja. Mgala muue na haki umpe: kuua simba ni kosa, lakini hasara ya mfugaji ni ya kweli.

Mwaka 2000 ilianza kujaribiwa njia ya busara. Wenye mashamba walilipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka, kwa sharti wasijenge ua, wasilime wala wasichimbe mawe. Fedha zilitolewa majira ya karo, na familia nyingi zilijiunga. Dosari zilikuwa mbili: fedha zilitegemea wafadhili, na dola 4 haziwezi kushindana na mnunuzi wa ploti.

Na mnunuzi huyo ni nani? Ni mimi na wewe wa jijini, tunaotafuta hamsini kwa mia. Jumamosi tunawapeleka watoto kutazama simba. Jumapili tunampeleka fundi akachimbie nguzo za ua. Kisha tunamlaumu mfugaji!

Wako wasemao sheria ikazwe tu. Sikubaliani nao. Sheria inayomtwika mtu mmoja gharama ya wote humfanya auze upesi, kabla hajakatazwa. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inairuhusu mahakama kuliwekea shamba masharti ya hifadhi, na mwenye shamba adai fidia. Masharti na malipo yaende pamoja, na sehemu ya viingilio vya mbuga ielekezwe huko kila mwaka, bila kungoja mfadhili.

Tukishindwa, ua utafungwa pande zote nne, na mbuga itageuka zizi.