Mshahara Mmoja na Mtaji wa Nyumbani



Sisi tufanyao kazi ya mshahara hapa Maseno twajua jinsi karo, unga na michango ya matanga inavyomaliza fedha kabla ya nusu ya mwezi. Wake zetu hutuokoa kwa mayai, mboga na cherehani. Lakini bwana akizichota fedha hizo kama mshahara wa pili, chakula cha kuku hakinunuliwi, na mayai hukoma.

Oginga Odinga, aliyewahi kufundisha Maseno, alihimiza watu waweke akiba pamoja; mwaka 1947 Luo Thrift and Trading Corporation iliandikishwa. Biashara ikila mtaji wake hufa. Na ya nyumbani ni vivyo hivyo. Basi kwanza mtaji urudi, kisha faida igawanywe, na daftari alishike mwenye kutoka jasho. Haba na haba haijazi kibaba kilichotoboka.