Herufi Nane: Nani Hasa Aliwabana Waundaji wa Modi?



Kila historia ya michezo ya kompyuta inapofundishwa, husikika kauli kwamba mifumo endeshi ya zamani, hasa MS-DOS, ndiyo iliyowafunga mikono waundaji wa modi, yaani mabadiliko ambayo wachezaji hufanya kwenye mchezo. Ushahidi wake ni jina la faili: herufi nane, nukta, kisha herufi tatu. Leo naipinga kauli hiyo.

Mfano wanaoupenda ni Doom, mchezo wa id Software uliotoka Desemba 1993. Picha, sauti na ramani zake zimo ndani ya faili moja la WAD, na kila kipande kina jina lisilozidi herufi nane. Basi husema: hiyo si DOS? Hapana. DOS haioni kilichomo ndani ya WAD. Kwake hilo ni faili moja, kama kontena lililofungwa lipitapo bandarini. Zaidi ya hayo, Doom ilitengenezwa kwenye kompyuta za NeXT, ambazo mfumo wake uliruhusu majina marefu. Msimbo chanzo unaonyesha faida ya nane hiyo: injini hulisoma jina kama namba mbili za biti 32, ikalinganisha namba mbili badala ya herufi nane. Mazoea ya DOS huenda yalichangia, lakini sharti la DOS halikuwepo.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye maandishi ninayoyaheshimu kuliko vitabu vingi vya fani yetu: maelezo yasiyo rasmi ya Doom aliyoyakusanya Matt Fell mwaka 1994. Humo WAD imeanikwa yote. Baiti 12 za mwanzo hutaja aina ya faili, idadi ya vipande na mahali saraka ilipo. Kila kipande kina baiti 16 katika saraka: nne za mahali, nne za ukubwa, nane za jina. Ukiunda WAD yako yenye ramani iitwayo E1M1, injini huichukua yako na kuiacha ya asili, bila faili la mchezo kuguswa. Kijana aliyeyasoma maelezo hayo aliujua mpaka wake kabla ya kuanza kazi.

Mpaka uliowaumiza watu ulikuwa kwingine. Mwanafunzi wangu mmoja alichora ukumbi mpana wenye ngazi na dari za vimo tofauti. Alipoingia, mchezo ulikatika, akarudishwa kwenye skrini nyeusi ya DOS. Akailaumu DOS. Tulipousoma ujumbe wa kosa, tukakuta injini imeishiwa nafasi za kuchorea sakafu na dari: zilitengwa 128 tu. Aliyekuwa amefunga mlango ni injini, na mchoraji hakuambiwa mapema. Msimbo chanzo ulipotolewa Desemba 1997, kundi la TeamTNT liliuondoa mpaka huo katika Boom, toleo lao la injini hiyo, mwaka 1998.

Nakiri mifumo ina mipaka ya kweli. FAT16, mfumo wa mafaili wa DOS, iliishia GB 2 kwa kila sehemu ya diski. FAT32 haibebi faili linalofika GB 4, kwa kuwa ukubwa huandikwa kwa biti 32. Modi kubwa hukwama hapo hata leo. Lakini mipaka hiyo iliandikwa, ikajulikana, na watu wakagawa mafaili yao wakaendelea.

Baada ya kupima yote, msimamo wangu ni uleule: mpaka ulioandikwa hauui ubunifu; mpaka uliofichwa ndio unaoua. Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu tuwafundishe wanafunzi kulifungua faili na kulisoma baiti kwa baiti tangu mwaka wa kwanza. Nanyi mtakaoandika programu kesho, kila mpaka mtakaouweka, uandikeni mahali ambapo mtumiaji atauona.