Pesa ya wazee wetu si ya kuchezewa

Maneno tuliyosema mbele ya wazee na vijana wa kartie, Lubumbashi



Tumekuja kuongea juu ya wizi usiotumia bunduki. Mtu anafika nyumbani, amevaa vizuri, anajua hata majina ya wajukuu. Anasali pamoja nanyi, kisha anasema: "Papa, leta dola 100, kila mwezi zitazaa 30 kwa mia."

Tuhesabu pamoja. Ukiacha faida ndani, dola 100 zinapita 2,300 kwa mwaka mmoja. Ni biashara gani hapa kwetu inazaa hivyo? Faida ya kwanza unayopewa inatoka katika pesa ya jirani aliyeingia nyuma yako. Siku watu wapya wanakosekana, biro inafungwa. Inchi yetu inajua mambo haya: Kinshasa, mwaka 1990 na 1991, watu wengi walitia akiba yao katika mchezo wa Bindo. Ukaanguka, na wengi hawakuona tena pesa yao.

Juu ya nini wanatafuta wazee? Juu mzee anapata pesa nyingi mara moja: dekonte finale, ao bei ya parseli iliyouzwa. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walikubali kuacha kazi kwa malipo ya mara moja, kisha miezi mingi bila mshahara. Pesa ya namna hiyo ndiyo inabeba uzee mzima. Kijana wa miaka 25 akipoteza, anaanza tena. Papa wa miaka 70 ataanzia wapi?

Na tuseme ukweli: mara nyingi anayefungulia mwizi mlango ni mtu wa nyumba.

Kwa hiyo tunaomba hivi:

Mbele ya kutoa hata franka moja, uliza kibali cha Banque Centrale du Congo cha kupokea akiba ya watu. Namba ya RCCM inaonyesha tu kwamba kampuni imeandikishwa, haitoshi.

Usitoe pesa siku ile ile. Lala kwanza, kisha onyesha karatasi kwa watu wawili wanaojua kusoma mikataba.

Kode siri ya simu ni ya mwenyewe. Mzee akianza kusahau, familia ikae pamoja, ichague mmoja wa kumsaidia na mwingine wa kukagua, na iandikwe. Lakini mzee si mtoto: pesa ni yake, aulizwe, asikilizwe.

Aliyeibiwa asinyamaze kwa haya. Utapeli ni kosa, kifungu cha 98 cha kodi penali. Chunga risiti, ujumbe na namba za simu, upeleke kwa parke.

Kwa wakubwa wa serikali: Banki Kuu itangaze kwenye redio, kwa Kiswahili, majina ya wote wenye kibali. Parke isingoje watu walie barabarani ndipo ifungue dosie.

Na sisi vijana, juma hili kila mmoja akae na mzee mmoja, asome naye karatasi zake. Anayeogopa kwenda parke peke yake, tutamsindikiza.